Quad9, Cloudflare, AdGuard, NextDNS: ipi inazuia matangazo na virusi kweli?

#1 Bundi Mzee
Salaam wakuu. Wiki ya tatu sasa nabadilisha DNS, ile huduma inayogeuza majina ya tovuti kuwa anwani za namba, kwenye ruta ya nyumbani. Nilianza na 9.9.9.9 ya Quad9, nikahamia 1.1.1.2 ya Cloudflare, sasa niko 94.140.14.14 ya AdGuard. Dai langu ni hili: AdGuard pekee ndiyo inayofanya kazi. Kwa zile mbili matangazo yalibaki palepale, kila ukurasa, kila programu ya simu. Watu wanazisifia kwa lipi? Naomba mlinganisho kutoka kwa aliyezitumia, maana maelezo ya kwenye tovuti zao nimeshayasoma na yote yanafanana.

#2 Fundi Waya
Kuweka umeweka sawa, ulichokosea ni kutarajia. Quad9 haizuii matangazo na haijawahi kuahidi. Tangu ianze Novemba 2017 kazi yake ni kuzuia domeni (majina ya tovuti) za programu hasidi, za kuiba nywila, na zile zinazotoa amri kwa kompyuta zilizokwisha kutekwa. 1.1.1.2 vilevile, hasidi tu, na 1.1.1.3 inaongeza tovuti za ngono. AdGuard imejengwa kwa ajili ya matangazo na vifuatiliaji. Umemlinganisha mlinzi wa usiku na mfagia ua, halafu unalalamika kwamba mlinzi hafagii.

#3 Kasuku
Mlinzi na mfagia ua! Hiyo naichukua.

#4 Nyuki Mkali
Nakubaliana na #2, ila nirekebishe kidogo. AdGuard inazuia pia domeni za utapeli, kwa hiyo mfagia ua huyo ana rungu. Tofauti ni nani anayempa taarifa. Quad9 inapokea orodha kutoka kwa watafiti na makampuni mengi ya usalama, na domeni mpya ya wizi inaweza kuingia humo mapema kuliko kwenye orodha zinazoandaliwa hasa kwa matangazo. Mimi nikilazimika kuchagua moja tu kwa ajili ya wazazi wangu, nachagua ya kuzuia wizi. Tangazo linakera, lakini ukurasa wa benki wa uongo unamaliza akiba ya mtu kwa dakika tano.

#5 Mama Riziki
Samahani wakuu, mimi si mtu wa ufundi. Mwanangu aliniwekea AdGuard kwenye ruta. Simu yangu imetulia kabisa, hata michezo ya watoto imekauka matangazo. Simu ya mume wangu, waifai ileile, kochi lilelile, matangazo yanamwagika. Runinga ndiyo usiseme. Inakuwaje nyumba moja iwe na mitandao miwili?

#6 Jicho Pevu
Karibu Mama Riziki, swali zuri kuliko la mleta mada. Angalia kivinjari cha mzee. Chrome na Firefox zinaweza kutumia DNS zake zenyewe zilizosimbwa, zikaipita ruta bila kuiuliza chochote. Mwaka 2020 Firefox ilianza kuwawekea watumiaji wa Marekani utaratibu huo bila wao kuomba, na maulizo yakawa yanakwenda Cloudflare. Ingia kwenye mipangilio ya kivinjari, sehemu ya faragha na usalama, tafuta palipoandikwa DNS salama.

#7 Chatu
#6, hiyo ingeeleza kurasa za kwenye kivinjari tu. Mama, matangazo ya mzee yanatokea wapi? Kama yanatokea ndani ya programu nyingine pia, kivinjari hakihusiki. Mimi nasema ni DNS ya faragha ya Android. Ipo tangu Android 9 ya 2018, na mtu akishaandika humo jina la huduma nyingine, ruta unaweza kuipamba utakavyo, simu haitaisikiliza.

#8 Mama Riziki
Yanatokea kote, kwenye kivinjari na kwenye programu za habari. Simu yake ni iPhone.

#9 Chatu
Basi langu limekufa.

#10 Jicho Pevu
iPhone? Analipia iCloud? Tangu 2021 walipaji wana kitu kinaitwa Private Relay. Kikiwashwa, maulizo ya kivinjari cha Safari yanapita njia nyingine kabisa na kichujio cha ruta hakiyaoni.

#11 Nyuki Mkali
Kwa Safari sawa, lakini amesema hata programu za habari. Mimi kura yangu ni IPv6, ile aina mpya ya anwani za mtandao inayotumika sambamba na ya zamani, IPv4. Ruta imewekewa anwani za AdGuard za IPv4 peke yake, huku mtoa mtandao anagawa DNS yake kwa IPv6 kimyakimya. Kila kifaa kinachagua kivyake kimuulize nani. Simu moja inauliza huku, ya pili inauliza kule, ndiyo nyumba yenye mitandao miwili.

#12 Bundi Mzee
Ngoja, hili linanihusu na mimi. Kwenye ruta nimeweka 94.140.14.14 nafasi ya kwanza na 8.8.8.8 nafasi ya pili kama akiba, AdGuard ikianguka nisikose mtandao. Hilo halina shida, au?

#13 Fundi Waya
Mkuu, hapo ndipo penye tundu! Nafasi ya pili siyo akiba. Vifaa vingi vinauliza zote mbili kwa zamu, au vinashikamana na iliyojibu haraka. 8.8.8.8 ya Google haichuji kitu, kwa hiyo kila swali linaloangukia huko linarudi na tangazo lake. Na hukumu yako ya #1 kuhusu Quad9 na Cloudflare nayo inaingia mashakani, maana kama ulikuwa na 8.8.8.8 pembeni wakati wote, hata ulinzi wao dhidi ya hasidi uliupata nusu. Weka 94.140.15.15, ni ya AdGuard haohao. Kwa Quad9 mwenzake ni 149.112.112.112, kwa Cloudflare ya hasidi ni 1.0.0.2.

#14 Bundi Mzee
Ilikuwepo wakati wote. Nimebadilisha sasa hivi. Asante mkuu.

#15 Kobe Mtulivu
Nimesoma kimya, niongeze kuhusu runinga ya Mama Riziki. Kuna vifaa ambavyo anwani ya DNS imeandikwa ndani kiwandani. Chromecast inajulikana kwa kwenda moja kwa moja 8.8.8.8 bila kuuliza ruta. Dawa ni ruta inayoweza kukamata maulizo yote ya mlango 53, unaopitisha maulizo ya kawaida ya DNS, na kuyageuza yaende unakotaka, na ruta nyingi za kupewa na mtoa mtandao haziwezi. Kuna na la pili: matangazo ya YouTube hayazuiliki kwa DNS hata ufanyeje. Video na tangazo vyote vinatoka kwenye seva za googlevideo.com. Ukizuia jina hilo umezuia na video.

#16 Kasuku
Mimi niliambiwa ni suala la kusubiri orodha zisasishwe tu.

#17 Kobe Mtulivu
Hapana, ndugu yangu, na aliyekuambia hivyo hajui DNS inajibu nini. Kifaa kinauliza "jina hili liko wapi?", DNS inarudisha anwani, basi. Haioni ukurasa, haioni picha, haijui kama unachokwenda kuchukua ni tangazo au habari. Ina majina tu. doubleclick.net ni jina linalofanya kazi ya matangazo na hakuna kingine, ndiyo maana linazuilika bila kuumiza. Tangazo likishakaa chini ya jina lileile la kitu unachokitaka, kichujio cha DNS hakina pa kukata. Hapo unahitaji kiendelezi cha ndani ya kivinjari, kama uBlock Origin, kinachouona ukurasa wenyewe.

#18 Nyuki Mkali
Na makampuni ya ufuatiliaji yameshaigundua njia hiyo. Wanaiomba tovuti iwape jina dogo chini ya domeni yake, tuseme takwimu.tovutiyako, halafu jina hilo linaelekezwa kwa rekodi ya CNAME kwenye seva yao. Ukitazama juu juu unaona jina la tovuti unayoiamini. NextDNS walianza kufuata mnyororo huo hadi mwisho tangu 2019, na AdGuard walitoa hadharani orodha ya majina kama hayo 2021. Kichujio kisichofuata mnyororo kinapitwa.

#19 Mwana wa Mzizi
Nashangaa mmefika #18 hakuna aliyetaja Pi-hole, kichujio cha DNS unachokiendesha mwenyewe nyumbani. Huduma hizi zote mnazozilinganisha ni kumpa mgeni daftari la kila unachofungua. Chukua kompyuta ndogo kama Raspberry Pi, weka Pi-hole au AdGuard Home, nyuma yake weka Unbound. Unbound haimuulizi mtu wa kati, inaanzia seva za mzizi na kushuka yenyewe hadi kwa mwenye jina. Orodha unachagua mwenyewe: StevenBlack, OISD, Hagezi. Kitu kikizuiwa kimakosa unakifungua kwa sekunde kumi. Nina miaka minne hivi, sirudi nyuma.

#20 Fundi Waya
Naiheshimu njia yako, na mimi ninayo moja. Ila maulizo ya Unbound kwenda nje yako wazi, hayajasimbwa. Mtoa mtandao wako anayasoma yote. Umemnyima daftari mgeni wa mbali ukamwachia jirani.

#21 Mwana wa Mzizi
Jirani anaziona anwani ninazofungua hata hivyo.

#22 Fundi Waya
Anaona anwani, na kurasa elfu moja zinaweza kuishi nyuma ya anwani moja ya Cloudflare. Jina lina mengi zaidi.

#23 Mwana wa Mzizi
Na jina hilo linaonekana pia pale kivinjari kinapoanza kusalimiana na seva kwa TLS (usimbaji wa kurasa za https), kwenye tovuti nyingi tu. Tutabishana hapa hadi asubuhi, mkuu.

#24 Chatu
Naomba turudi kwenye huduma zenyewe. Nimetumia NextDNS muda mrefu, na kwa mtu anayependa kuchagua mwenyewe sijaona inayoizidi. Unawasha orodha unazotaka, unaona kila swali kifaa kwa kifaa, unaweza kuzuia domeni zote zilizosajiliwa ndani ya siku 30 zilizopita. Hilo la mwisho lina thamani kubwa kwa sababu tovuti za utapeli nyingi zinazaliwa leo na kufa wiki ijayo. Angalizo: bila kulipa una maulizo 300,000 kwa mwezi. Gawa kwa siku 30, ni 10,000 kwa siku. Kwa simu mbili yanatosha. Kwa nyumba yenye runinga, kamera na watoto, hesabu ilinigomea kabla ya tarehe ishirini.

#25 Mama Riziki
Yakiisha mtandao unakatika?

#26 Chatu
Haukatiki mama. Inaendelea kujibu bila kuchuja. Hilo linaweza kuwa zuri au baya kutegemea unavyoitumia. Uliyemwekea anaweza asijue kwamba ukuta umeshuka.

#27 Jicho Pevu
Wasiotaka akaunti waangalie Control D. Wana seva za bure zilizogawanywa: p1 ni hasidi, p2 inaongeza matangazo na vifuatiliaji. Mullvad ya Sweden nayo inatoa bure bila kujisajili: adblock.dns.mullvad.net ni matangazo na vifuatiliaji, base.dns.mullvad.net inaongeza hasidi. Ila Mullvad wanapokea maulizo yaliyosimbwa tu, kwa hiyo kwenye ruta ya zamani inayokubali namba tupu hupati kitu. Kwenye Android unaandika jina hilo sehemu ya DNS ya faragha. Na tukiwa hapo: sehemu hiyo haipokei namba. Nimeona watu wanaandika 9.9.9.9, inakataa, wanadhani Quad9 imekufa. Andika dns.quad9.net. Kwa AdGuard ni dns.adguard-dns.com.

#28 Kasuku
Nimeandika hiyo ya AdGuard, mambo safi nyumbani. Nikifika kwenye waifai ya ofisini mtandao wote unakufa, nikiizima unarudi.

#29 Jicho Pevu
Inatumia mlango 853. Ofisi nyingi zimeufunga. Ukishaandika jina, Android haikubali kurudi kwenye DNS ya kawaida, inaona bora ikose mtandao kuliko kukudanganya. Inavyotakiwa ni hivyo.

#30 Kobe Mtulivu
Au ofisi yake ina ukurasa wa kuingilia unaotaka kwanza ajitambulishe, na simu inashindwa kuufikia. Dalili ni zilezile.

#31 Bundi Mzee
Niliuliza pia kuhusu virusi. Matangazo nimeelewa. Je, virusi vinazuilika kweli, au ni jina zuri tu?

#32 Nyuki Mkali
Vinazuilika pale vinapotegemea jina la domeni. Faili baya likipakiwa kwenye Google Drive au GitHub, DNS itafanya nini? Haiwezi kuzifunga hizo. Kirusi kikiandikiwa anwani ya namba moja kwa moja, hakuna jina la kuuliza, kwa hiyo hakuna cha kuzuia. Kinachobaki bado ni kikubwa, kwa sababu utapeli mwingi unahitaji jina linalofanana na la benki au la kampuni ya vifurushi ili umnase mtu.

#33 Fundi Waya
Nimletee Bundi kisa cha kumkosesha usingizi. WannaCry, 12 Mei 2017, kile kirusi kilichofunga mafaili na kudai fidia, kikaangusha hata kompyuta za hospitali za Uingereza. Ndani yake kulikuwa na jina refu la ovyo. Kabla ya kufunga mafaili kilijaribu kulifikia, na kikifanikiwa kinajizima. Mtafiti Marcus Hutchins aliliona halijasajiliwa, akalisajili, kirusi kikaanza kujizima dunia nzima. Sasa fikiria mtandao ambao kichujio chake kililiweka jina lile kwenye orodha ya hasidi. Kirusi kinauliza, kinaambiwa jina halipo, kinaendelea na kazi yake. Kulizuia kulikuwa kukifungulia mlango. Orodha ya majina mabaya inahitaji mtu anayejua kila jina linafanya nini.

#34 Mwana wa Mzizi
Kisa hiki sikuwa nakijua kwa upande huo. Shukrani.

#35 Chatu
Na kinyume chake ni DNSChanger. Wahalifu walibadilisha mipangilio ya DNS kwenye kompyuta takriban milioni 4, zikawa zinauliza seva zao, nao wanabandika matangazo yao. FBI waliwakamata Novemba 2011, lakini seva hazikuweza kuzimwa palepale kwa sababu mamilioni wangekosa mtandao wasijue kwa nini. Ziliendeshwa chini ya amri ya mahakama hadi 9 Julai 2012. Ndiyo maana mimi kabla ya kuuliza "ipi inazuia zaidi" nauliza "nani anaishika". Anayejibu maswali yako ya DNS ndiye anayekuonyesha njia.

#36 Jicho Pevu
Kwa kipimo hicho Quad9 inanivutia. Si ya kibiashara, na 2021 ilihamisha makao yake Uswisi ili ibanwe na sheria za faragha za huko. Mwaka huohuo Sony Music ilipata amri ya mahakama ya Hamburg ya kuilazimisha izuie tovuti ya muziki wa wizi. Walipambana, na Desemba 2023 mahakama ya juu ya Dresden ikawapa ushindi.

#37 Nyuki Mkali
OpenDNS, iliyo chini ya Cisco tangu 2015, ilipopata amri za kufanana na hiyo Ufaransa na Ureno mwaka 2024, iliamua kuacha kabisa kuhudumia nchi hizo. Watumiaji waliamka asubuhi majina hayafunguki. Kwa hiyo hata ukimwamini anayeishika, uliza na sheria ya nani inamshika yeye.

#38 Kasuku
Na AdGuard? Nimesoma ilianzia Moscow.

#39 Chatu
Ilianzishwa Moscow 2009, kampuni sasa imesajiliwa Cyprus. Msimbo wa AdGuard Home uko wazi, unaweza kuusoma. Wapo wanaoridhika na hilo, wapo wasioridhika, na siwezi kumlaumu yeyote kati yao. Ulaya nao wamezindua DNS4EU mwaka 2025, ina toleo la kuzuia matangazo. Bado changa kwangu kuipa hukumu.

#40 Kobe Mtulivu
Kuhusu kasi hakuna aliyegusa. Huduma nyingine hazimtumii mwenye tovuti sehemu ya anwani yako, ni faragha nzuri, ila unaweza kuelekezwa kwenye seva ya mbali na video ikasuasua. Quad9 wana 9.9.9.11 inayotuma. Mimi nilihisi tofauti. Ndugu yangu nyumba ya pili, mtoa mtandao mwingine, hakuhisi chochote.

#41 Nyuki Mkali
Na kuzuia kupita kiasi? Huduma moja niliyokuwa nayo ilizuia viungo vyote vya barua za jarida, hata cha kujiondoa. Nilihangaika siku mbili na barua ya maombi ya kazi ambayo kiungo chake kilipitia domeni ya kufuatilia wasomaji. Muda wa maombi ulikuwa unakimbia, na sikuwahi kufikiria DNS. Tangu hapo kila ninayemwekea kichujio namwonyesha kwanza jinsi ya kukizima.

#42 Mama Riziki
Nimerudi. Mwanangu ameangalia. Private Relay haipo, mume wangu halipii. Kivinjari chake hakina DNS yake. Matangazo bado.

#43 Jicho Pevu
Je, ana programu ya VPN?

#44 Mama Riziki
Hapana. Ila tumezima simu na kuiwasha, yakapungua kwa nusu saa, yakarudi.

#45 Jicho Pevu
Yakapungua halafu yakarudi... hiyo inanuka kumbukumbu ya majibu ya zamani.

#46 Fundi Waya
Kumbukumbu ya zamani ingefanya kinyume, yangeanza mengi halafu yapungue. Hapa inaanza safi halafu inachafuka. Mimi nasema simu inahama kutoka waifai kwenda data bila yeye kuona. iPhone hufanya hivyo waifai ikiwa dhaifu.

#47 Nyuki Mkali
Au IPv6, kama nilivyosema #11. Simu inaanza na IPv4, baadaye ruta inaitangazia DNS ya IPv6, inahamia huko. Mama, mwambie kijana afungue kompyuta kwenye waifai hiyohiyo na aandike nslookup doubleclick.net mara kadhaa. Jibu likiwa 0.0.0.0 au likisema jina halipo, limezuiwa. Likirudisha anwani ya kweli, aangalie mstari wa juu ni seva gani imejibu.

#48 Mama Riziki
Imejibu 0.0.0.0 mara tatu, ya nne imerudisha namba ndefu yenye herufi. Mstari wa juu nao mara hiyo ya nne ulikuwa tofauti, lakini hakuuandika.

#49 Fundi Waya
Namba ndefu yenye herufi ni anwani ya IPv6 ya doubleclick yenyewe, haimaanishi aliyejibu ni wa IPv6. Angeuandika ule mstari wa juu tungemaliza. Bado nasimama na data ya simu kwa upande wa iPhone.

#50 Bundi Mzee
Kwangu, baada ya kuitoa 8.8.8.8, kurasa zimekuwa tulivu kuliko wiki zote tatu. Leo naanza upya na Quad9, safari hii na mwenzake sahihi, pamoja na uBlock Origin kwenye kivinjari kwa ajili ya matangazo. Mama Riziki, mwambie kijana azime IPv6 kwenye ruta usiku mmoja tuone.

#51 Nyuki Mkali
Asiizime, aijaze. Kwenye sehemu ya DNS ya IPv6 aweke 2a10:50c0::ad1:ff ya AdGuard. Wewe Bundi, kwa Quad9, weka 2620:fe::fe. Halafu fungua on.quad9.net, itakuambia kama kweli unaitumia.

#52 Mama Riziki
Kijana yuko shule hadi Ijumaa. Nitaleta majibu, na safari hii mstari wa juu nitauandika mwenyewe.